Picha za Dada Kutoka Kaskazini

Tulihama Mombasa pamoja, dada yangu na mimi, Wahindi wawili wenye koti moja zito. Mimi nikabaki London, hapa Rayners Lane. Yeye akamfuata mumewe kaskazini mwa Kanada, kwenye mji mdogo wa theluji, na koti akaenda nalo.

Kila mwaka alinitumia picha. Nyuma yake aliandika Kiswahili, maana mama mkwe wake alisoma Kigujarati tu, tena alipenda kusoma barua za watu. "Huyu shoga yangu, kanifundisha kushona viatu vya ngozi." "Huyu mama mdogo wa hapa, pilipili haziwezi."

Dada alipofariki, nilizipeleka zote kwenye makavazi ya mji ule, wanakohifadhi kumbukumbu zao. Wakaniletea orodha niihakiki, pamoja na nakala za picha, mbele na nyuma. Picha ya kwanza: "Wanawake wasiojulikana." Ya pili, vivyo hivyo.

Nilipiga simu papo hapo. Hawajulikani na nani? Nikamsomea bibi wa makavazi maneno ya nyuma kwa Kiingereza, picha moja baada ya nyingine, mpaka chai yangu ikapoa. Naye akaandika yote.

Mwishowe akauliza kwa adabu dada yangu ni yupi, maana wote wamevaa kofia za manyoya.

"Hayumo hata katika moja," nikamjibu. "Kamera ilikuwa yake. Hao wote unaowaona wanacheka, wanamchekea yeye."