Boaz, Mwenye Sinema ya Ratansi

Ukifika Shinyanga mjini ukauliza sinema ya zamani iko wapi, utaambiwa, "Kwa Boaz." Hakuna atakayekwambia kwa Ratansi, ingawa jina la Ratansi bado linasomeka juu ya mlango, herufi za saruji ambazo mvua zimeshindwa kuzing'oa. Watakwambia kwa Boaz, na mwingine ataongeza kwamba yule mzee ni tajiri anayejificha. Mimi nimeshona nguo kwenye kibaraza cha jengo hilo tangu mwanangu Marcel anatambaa, na habari hiyo ya utajiri imenichosha masikio. Mwenyewe ilimchosha zaidi.

Boaz alizaliwa upande wa Kolandoto, kwenye familia ya wafugaji, akaja mjini bado kijana kutafuta kibarua. Ratansi akampa ufagio. Huyo Ratansi alikuwa Mhindi mfupi, mkimya, mzaliwa wa hapa hapa, baba yake alinunua pamba kwa Wasukuma enzi za mkoloni. Alijenga ukumbi wa sinema chini, yeye na mkewe wakaishi ghorofani. Serikali ilipotaifisha majumba, hilo liliachwa kwa sababu mwenyewe alikaa humo humo. Boaz alifagia, akapakia mabango kwenye baiskeli na kuyazungusha mitaani, mwishowe akapandishwa kwenye chumba cha mashine. Alijifunza kuunganisha mkanda uliokatika kabla watu hawajaanza kurusha maganda ya karanga.

Kosa lilianzia hapo. Ratansi watu hawakumwona. Tiketi aliuza mkewe nyuma ya kidirisha chenye nondo, ukaona mkono tu na bangili. Lakini mkanda ulipokatika katikati ya pigano, ukumbi mzima uligeuka nyuma na kuita, "Boaz," na kichwa cha Boaz kikatokeza kwenye tundu la juu, kikiomba uvumilivu kwa Kisukuma. Picha ikirudi, wanampigia makofi. Kwa watu waliokuja kwa baiskeli kutoka vijijini, anayewasha na kuzima ndiye mwenye mali. Nani angewaza vingine?

Kisha Ratansi akaondoka. Watoto wake walikwishahamia Uingereza, pamba ilikuwa imeanguka, mkewe mgonjwa. Siku ya kuondoka masanduku yalikuwa juu ya gari, watu wa sokoni wamejaa kuaga, naye akasimama kibarazani akamkabidhi Boaz funguo zote kwa mikono miwili. Boaz akazipokea kwa mikono miwili, ameinama. Kwetu mtu akikabidhiwa funguo namna ile mbele ya kadamnasi, mambo yamekwisha, mali imehama. Ratansi alisema neno moja tu kwa sauti ndogo, na Boaz peke yake ndiye aliyelisikia. Alimwambia, "Nitunzie."

Basi akatunza. Aliendelea kuonyesha picha mpaka video zilipoingia mjini na kifaa kimoja cha mashine kikafa bila mbadala. Alipofunga milango, watu walisema ameshiba hela. Walimchagua mwenyekiti wa kamati za harusi, na mwenyekiti wa kamati unajua anatarajiwa atoe nini. Msiba ukitokea, macho yote kwake. Kila mara alisema, "Jamani, si yangu, nimeachiwa nitunze," na kila mara walicheka wakamwambia, "Mzee, wimbo huo tunaujua." Alikuwa akiishi kwenye chumba kile cha mashine na mkewe Nyamizi, wakilala juu ya godoro lililopasuka, na bado mtu anapanda ngazi kuja kumwomba mtaji.

Nilipokuja kuomba kibaraza niweke cherehani yangu, nilimuuliza kodi. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kodi ya nini, Mama Marcel? Nikutoze cha mtu?" Hapo nikamwamini. Nadhani katika mtaa ule aliyemwamini ni mimi peke yangu, kwa sababu mwenye nyumba anayekataa kodi sijamwona tangu nizaliwe.

Jambo lililomvunja lilikuwa la Amosi, mwanawe wa pekee. Amosi alifaulu vizuri darasa la saba. Kulikuwa na shirika fulani lililosomesha watoto wa maskini, na jina lake likapelekwa. Wakaja watu wawili na gari kumwangalia mtoto anakoishi. Wakauliza njia sokoni, nao sokoni wakawaelekeza kwa moyo mweupe kabisa, "Kwa Boaz mwenye sinema, lile jengo la ghorofa." Wale wageni hawakupanda hata ngazi. Waliliangalia jengo, wakaangaliana, wakarudi garini. Boaz alikimbia nyuma yao mpaka barabarani akieleza, na walimsikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mtu unayejua anadanganya.

Amosi akaenda Geita kuchimba dhahabu. Huko wanashuka kwenye duara, yaani shimo jembamba lenye ngazi za magogo, wanakaa chini mchana kutwa wakigonga mwamba na kumeza vumbi lake. Ameshuka huko ujana wake wote. Amerudi mara nyingine na hela ya kulipa deni la mazishi ya mama yake, mara nyingine bila nauli, na miaka hii ya karibuni amekuwa akirudi na kikohozi. Daktari alimwambia wazi kwamba vumbi limeshakaa kifuani, akiendelea kushuka halitampa muda. Akapumzika mwezi, kisha akarudi, maana tumbo halipumziki.

Mwaka jana maofisa wa ardhi walikuja kuhakiki majengo ya katikati ya mji. Jengo lisilo na mwenyewe litarudi halmashauri. Aliyekuja kwetu alikuwa dada mmoja mpole, Agnetha, mwenye viatu vya kutembea na subira ya kutosha. Alimweleza Boaz kwamba barua alizopeleka kwa akina Ratansi hazikujibiwa, mzee mwenyewe alikwishafariki zamani, na watoto hawana haja. Lakini mtu aliyelishika jengo miaka yote hiyo, majirani wakamtambua, anaweza kuomba liandikwe jina lake. Kulikuwa na sharti moja. Awe amelishika kama mali yake. Akisema alikuwa anamtunzia mwingine, ombi limekufa hapo hapo. Mkutano wa mtaa ungeulizwa, kisha angeulizwa mwenyewe.

Amosi akaja kutoka Geita usiku huo huo aliposikia. Asubuhi waliongea pale kibarazani, mimi nikiwa napinda suruali, wala hawakunificha.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umekondeana, ng'wanawane, mwanangu."

"Nimekondeana. Baba, sema ni lako. Tulipangishe liwe stoo, mimi nisirudi kule chini."

"Si langu, Amosi. Unajua."

"Najua. Mimi ndiye ninayejua kuliko wote." Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Shule niliikosa kwa sababu ni lako. Mama alikufa watu wakitushangaa tunakopa jeneza, kwa sababu ni lako. Ubaya wake wote tumeula. Leo kuna kauzuri kadogo, ndipo unakumbuka si lako?"

Boaz alikuwa na sura ya mtu aliyebeba gunia umbali mrefu na sasa anaambiwa amepita nyumba. Mimi nilikuwa upande wa Amosi, sioni haya kusema. Nilitamani nimwambie mzee aseme tu uongo mmoja, wenzake wanasema kila siku na wanalala usingizi. Lakini nilijua pia kwamba kusema kweli ndicho kitu pekee alichobaki nacho, maana vingine vyote vilishaliwa na jina la utajiri.

Mkutano ulifanyika ukumbini humo humo, tumekaa kwenye viti vilivyobaki, popo wakituzunguka juu. Mwenyekiti wa mtaa, Donatus, akauliza nani analitambua jengo hili kuwa la Boaz. Mikono ikapanda yote. Na wangu. Wengine walisimama kabisa kutoa ushahidi, wakasimulia siku ya funguo kwa mikono miwili, na waliosimulia vizuri zaidi ni wale ambao siku hiyo hawakuwa wamezaliwa. Hakuna aliyedanganya. Walisema walichokiamini.

Agnetha akamgeukia. "Mzee, shikamoo. Nakuuliza wewe sasa. Miaka yote umekaa hapa kama mwenye mali, au umekuwa unamtunzia mtu?"

Boaz akasimama. "Nilikuwa naendesha mashine," alisema.

Watu wakacheka kidogo. Donatus akasema, "Mzee, wimbo huo tunaujua. Jibu swali la dada."

Kikohozi cha Amosi kikaanza, kule nyuma karibu na mlango. Alijitahidi kukimeza, kikamshinda. Kilidumu mpaka watu wakaacha kucheka, mama mmoja akaenda kumshika mgongo. Boaz alisimama akisikiliza mpaka mwisho, ameshika kiti cha mbele yake. Kilipokoma, akasema, "Ni langu."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu aondoke."

Wakampigia makofi. Bibi mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Afadhali leo amesema kweli." Niliangalia nyuma kumtafuta Amosi nione furaha yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, analia.

Hati imetoka mwezi wa nne. Ukumbi sasa ni stoo ya mfanyabiashara wa saruji, Amosi ndiye msimamizi, na huko Geita hajarudi. Bado anakohoa, ila anakula mezani na jioni analala kwenye kitanda. Boaz hakubadilisha kitu. Chumba cha mashine alikataa kukihama, na chakula mwanawe anampandishia. Watu wakimpongeza anashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," anapita. Ule wimbo wa si yangu hakuuimba tena, na mtaani wanasema uzee umemfundisha kujivunia.

Juzi alishuka akaketi karibu na cherehani yangu, akakaa muda mrefu akiangalia vijana wakishusha mifuko ya saruji.

"Mama Marcel," akasema, "Ratansi akitokea pale barabarani, nimwambie nini?"

"Baba Amosi, Ratansi alishakufa."

"Najua alikufa," akasema. "Hilo sikukuuliza."