Picha Mbichi Juu ya Moto

Asubuhi ya kikao cha ukoo, Nkirote alipanda kwenye kigoda jikoni, akapitisha mkono kwenye itara iliyo juu ya mafiga, akashusha picha pekee iliyoweza kumwokoa.

Ilikuwa imepinda kama sahani ya plastiki iliyoegemezwa kwa sufuria moto.

Akakaa chini pale pale kwenye majivu. Hakulia. Alijiuliza tu atawaambia nini wazee.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna mtu ashaanza kuuliza ni picha gani hiyo ya kuyeyuka.

Ni 1998. Nkirote, msichana wa Githongo, alikuwa ameolewa Mikinduri na Murithi. Huyu Murithi alikuwa mpiga picha wa mradi fulani wa kilimo kule Embu, na wazungu wa mradi walimpa kamera ya ajabu isiyotumia filamu. Picha zake zilihifadhiwa kwenye diski ya bluu, nene kuliko zile za kawaida.

Halafu malaria ikampanda Murithi kichwani. Akafa.

Kaburi hata halijaota nyasi, kaka yake mkubwa, Muthamia, akaja kusimama mlangoni na koti lake la kahawia lenye kiraka kwenye kiwiko.

"Mama Kendi, wewe ulikuwa mgeni hapa. Ndugu yangu hakupeleka kondoo kwenu. Rudi Githongo. Mtoto utamuacha, huyo ni wetu."

Kwa Wameru, kondoo wa ntheta ndiye hufunga ndoa. Akishapelekwa kwa wazazi wa msichana, huyo ni mke wa mtu. Asipopelekwa, hata uzae kumi, wewe ni mpita njia.

Na kinachoudhi zaidi ni hiki: siku ile kondoo alipelekwa, na aliyemshika kamba ni Muthamia mwenyewe! Wazee aliokwenda nao walikuwa wameshafariki. Watu wa Githongo nao, ukoo ulisema, hawawezi kumtolea binti yao ushahidi.

Ukutani kwa Nkirote kulikuwa na picha ya siku hiyo. Lakini Murithi alipoichapisha alikuwa hasemezani na kaka yake, kwa hivyo alimkata. Walibaki wawili tu, yeye na Nkirote, wanacheka. Kondoo haonekani, Muthamia haonekani.

Picha nzima ilikuwa kwenye diski.

Mzee Runji, mkubwa wa ukoo, akampa Nkirote nafasi. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi, leta chenye uko nacho."

Nkirote akafunga safari hadi Embu kumtafuta Nthiga, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu. Nthiga alikuwa mtu wa maneno machache na macho ya kukwepa, na Nkirote hakumpenda tangu salamu.

"Shemeji, hizi picha bado ni mbichi," Nthiga akamwambia. "Vile kamera iliona, ndivyo iliweka. Zinafunguliwa na programu moja tu, na hiyo programu iko kwa kompyuta ya mradi. Na mradi unafungwa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo lazima nizibadilishe moja moja, ziwe TIFF. Hiyo kompyuta yoyote inasoma, leo na hata kesho kutwa. Kompyuta yenyewe imejaa, nitakuwa nasoma moja kwa moja kwa diski yako. Niachie."

"Nikuachie? Fungua sasa nione."

"Picha moja inachukua muda wa kuchemsha githeri, shemeji. Na hiyo kompyuta naiomba wenyewe wakienda chakula."

Akamwachia. Akamwambia aanze na ile ya kondoo, akamtajia na siku ya kikao. Lakini njia nzima ya kurudi moyo ulikuwa unamwasha. Picha gani hiyo inabadilishwa? Picha si ni picha?

Wiki iliyofuata akarudi bila kumwarifu mtu. Akiwa ng'ambo ya barabara, akaona mlango wa ofisi ya Nthiga unafunguliwa.

Akatoka Muthamia. Koti lile lile, kiraka kile kile.

Damu ikamwenda mbio. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Akangoja Muthamia apotee, kisha akaingia bila hodi.

"Nipe diski yangu."

"Mama Kendi, keti kwanza nikueleze. Kuna mtu..."

"Nimesema nipe diski."

"Sijamaliza. Zimebaki..."

Nkirote alinyoosha mkono mwenyewe hadi kwenye mashine, akaitoa, akaitia kifuani, akaondoka. Nthiga alimfuata hadi nje akimwita, naye hakugeuka. Kusema kweli alijisikia vizuri sana, kwamba safari hii hakuchezewa.

Akapitia Kaaga kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na mashine ya kusoma diski kama ile. Mwalimu akahangaika weee, kompyuta ikasema haijui faili hizo ni za nini.

"Nthiga ameniharibia picha," Nkirote akasema. Mwalimu akajaribu kumweleza kwamba huenda hazijaharibika, ni vile tu hana programu yake. Hakusikia. Mtu akishashuku, hata maji ya kunywa huyanusa.

Hata hivyo hakuitupa ile diski. Sasa swali likawa aifiche wapi, na Muthamia anaingia nyumbani mwake kama kwake.

Akafikiria kama mtu wa kwetu anavyofikiria. Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani ni mbegu ya mwaka ujao. Mbegu huwekwa kwenye itara, ile dari ya fito juu ya mafiga, moshi uikaushe, mdudu asiiguse. Na hakuna mwanamume wa Mikinduri anayepekua itara ya mwanamke.

Akaifunga kwa kitambaa, akaiweka katikati ya mahindi ya mbegu. Akawasha moto, akapika. Akapika kila siku.

Sasa mnajua kilichoyeyuka.

Kwenye kikao aliketi na ile plastiki mapajani. Muthamia aliongea kwa raha, amevaa koti lake. "Tumengoja. Huyu mama ameleta nini? Plastiki ya jikoni."

Mzee Runji akamtazama Nkirote kwa huruma. "Mwanangu, una lingine?"

Kabla hajajibu, watu wakageuka. Nthiga alikuwa anaingia langoni, vumbi hadi magotini, na bahasha kubwa kwapani.

Alitoa picha moja kubwa, akampa Runji kwa mikono miwili. Murithi na Nkirote wanacheka. Kando yao kondoo mweupe. Na aliyeshika kamba, meno yote nje, Muthamia.

"Picha inaweza kutengenezwa," Muthamia akasema.

Runji akaisogeza karibu na macho, akamtazama Muthamia, akaitazama tena. "Kiraka pia kimetengenezwa? Hata koti ni hii umevaa."

Watu wakacheka, na kesi ikaishia hapo. Nkirote akabaki na nyumba yake na mtoto wake.

Baadaye Nthiga akamweleza. "Muthamia alisikia umeniletea diski, akaja kuiitisha. Nikamwambia mwenyewe ni wewe. Hiyo ndiyo nilitaka kukuambia ukakataa kuketi."

Nkirote akainamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Na hizo zingine? Tutazitoa lini?"

Nthiga akaiangalia ile plastiki iliyopinda.

"Kompyuta ya mradi ilisharudi kwa wazungu. Na diski ndiyo hiyo. Nilianza na za kondoo vile uliniagiza, nikazichapa papo hapo. Zilizobaki ni zile nilipiga mimi, siku Murithi alikuja na mtoto ofisini. Alikuwa amembeba kwa bega, anamwimbia."

Hapo ndipo Nkirote alipolia. Mpiga picha ni nadra kuonekana kwenye picha zake mwenyewe, na Murithi hakuwa na nyingine yoyote akiwa na bintiye.

Huyo mtoto ni mimi. Kendi.

Nimelelewa kwenye boma ambalo Nthiga alituokolea, na nina picha nzuri sana ya kondoo. Ya baba amenibeba sina. Mama hajawahi kunificha kwa nini, na mimi sijawahi kumlaumu, kwa sababu aliogopa kunipoteza.

Wanasema akiba haiozi. Yetu iliyeyuka. Kwa hivyo kitu unachokipenda kiweke zaidi ya mahali pamoja, kwa namna ambayo wengine pia wanaweza kukifungua. Na mtu akikuambia keti nikueleze, keti. Hata kama humwamini, keti umsikie amalize.