Likizo ya Walinzi Wawili

Nilifanya kazi ya ulinzi miaka minane kabla ya kuchukua likizo yangu ya kwanza, na nilipoichukua nilikwenda na mbwa.

Lindo langu lilikuwa ghala la vitambaa pale Doornfontein, mjini Johannesburg, zamu ya mchana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kampuni ya ulinzi ilinipa sare, redio ya mkononi na mbwa: dume kubwa, jeusi mgongoni na kahawia miguuni, jamii ya wale wa polisi. Kwa miaka sita tuliuzunguka ukuta uleule. Nilijua anavyokohoa akiwa na kiu. Nilijua ni fundi cherehani gani kati ya wanaofuata vitambaa anamchukia na ni yupi humtupia ngozi ya kuku. Nyumbani sikuwahi kumpeleka. Jioni gari la kampuni lilikuja kumrudisha kwenye mabanda yao, nami nikatembea hadi Troyeville, tunakopanga chumba na jiko: mimi, mke wangu, na binti yetu wa miaka tisa.

Mwaka wa sita nyonga zake zikaanza kumgomea. Akikaa, kusimama inakuwa shughuli. Nilikuwa namwinua kwa kumshika mkanda wa kifuani, huku nikitupa macho kuhakikisha msimamizi wangu hayupo karibu. Lakini siku moja aliona.

“Huyu amemaliza,” aliniambia. “Mwisho wa mwezi anakwenda kwa daktari wa mifugo.”

“Kutibiwa?”

Msimamizi alitazama viatu vyake, na mimi nikaelewa: sindano ya kufa.

Nilimwuliza kama naweza kumchukua. Alishangaa, lakini akatoa karatasi kwenye gari. Ukisaini ni wako, alisema. Ukishindwa naye, mrudishe ndani ya wiki mbili, sisi tutamaliza wenyewe. Nilisaini palepale, juu ya boneti la gari, bila kufikiria atalala wapi wala nitamwambia nini mke wangu.

Maana mke wangu anaogopa mbwa, na ana haki. Alipokuwa msichana, wakati familia yao inaikimbia Burundi kwa miguu, mbwa wa kijiji kimoja walimshambulia njiani. Kovu liko kwenye shavu la mguu wa kushoto mpaka leo. Akiona mbwa mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, hugeuza njia na kwenda kununua mkate mtaa wa pili. Ningemwambia jioni ileile. Sikumwambia. Nilivua sare, nikala, nikalala; mbwa akaendelea kulala mabandani.

Aliyeniokoa, au aliyenichelewesha, ni mama mwenye ghala, mjane wa maneno machache. Alisikia kwamba nimemchukua mbwa, akaniita ofisini.

“Likizo yako ya mwisho ilikuwa lini?”

“Sijawahi, mama.”

Alifungua droo, akatoa funguo zilizofungwa kwa kamba ya kuvulia samaki. Marehemu mume wake alikuwa na kijumba kwenye kisiwa katikati ya mto Vaal, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Joburg. Tangu afariki hakuna aliyekwenda. “Chukua familia yako, chukua na mbwa,” alisema. “Kakaeni wiki nzima, mfungue madirisha. Kampuni nitazungumza nayo mimi.”

Nyumbani nikasema nusu ya ukweli. Tumepewa nyumba ya kupumzika, kisiwani, bure. Na yule mbwa wa kazini tunakwenda naye, kwa ajili ya ulinzi.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. “Kisiwani kuna wezi?” aliuliza.

“Wezi wako kila mahali.”

Alichukua shati langu la sare, akaendelea kukunja.

Rafiki yangu Mkongomani alitupeleka kwa pikapu yake. Mke wangu na binti walikaa mbele, mimi na mbwa nyuma. Ukingoni tulimkuta mzee anayelinda shamba la pale, ambaye alikuwa na mashua ndogo ya makasia. Mbwa aliitazama ile mashua, akakaa chini, akakataa. Mimi na mzee tulimbeba kama gunia la mahindi. Mke wangu alijikunyata kwenye ncha nyingine, miguu ameipandisha juu, macho ameyafumba, mpaka tukafika.

Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa nusu saa. Miti imeinamia maji, matete yamejaa bata, na katikati kuna kijumba cha vyumba viwili na jiko la gesi. Umeme hakuna. Simu inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa kwenye ncha ya kusini.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu bila saa ya kuniamsha. Mbwa alikuwa amesimama barazani akinisubiri. Tukatoka. Tulizunguka kisiwa chote, yeye akichechemea, mimi nikisukuma mlango wa kibanda cha zana kuhakikisha umefungwa. Nikapanda juu ya jiwe kuangalia kama msimamizi ameandika. Hajaandika. Saa moja baadaye nikarudi tena jiweni. Jioni tukafanya mzunguko mwingine. Siku ya pili vilevile.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti akichambua maharage. “Papa,” aliniita kama binti yetu anavyoniita, “unalinda nini huku? Bata?”

Nilicheka, lakini miguu haikusimama.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha huko juu mto unakotokea. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, yakapanda, yakalifunika lile jiwe. Yule mzee wa mashua alisimama ng'ambo akapunga mikono, kisha akainua vidole viwili: siku mbili asingeweza kuvuka. Chakula tulikuwa nacho, na nyumba ilikuwa juu kabisa, kwa hiyo hatari haikuwepo. Hata hivyo nilishikwa na wasiwasi. Vipi kama kazini wananitafuta? Vipi kama wameweka mtu mwingine? Nilishika simu isiyo na mtandao mkononi mpaka ikapata joto. Halafu nikajilaza kwenye mkeka barazani, nipumzishe mgongo kidogo tu.

Niliamka saa kumi alasiri. Nilikuwa nimelala tangu saa sita mchana. Sikumbuki ni lini nililala mchana mara ya mwisho, labda utotoni. Nilikaa nikisikiliza, nikitegemea kusikia kwamba kuna kitu kimeharibika. Hakuna aliyeniita. Binti alikuwa anachora, mke wangu anakaanga ndizi, mbwa amelala ubavu kwenye majani akikoroma. Nilinywa maji vikombe viwili, nikalala tena.

Siku ya tano maji yalishuka. Nyuma ya kisiwa palibaki mkono wa mto uliotulia, wenye mchanga chini. Binti alikuwa anachezea pale, maji magotini, mimi nikiwa karibu naye. Mbwa akatufuata. Aliingia hadi tumboni, akasita, kisha akajiachia. Akaogelea.

Sijui niieleze vipi. Miguu ile ya nyuma, niliyokuwa naiinua kila asubuhi, ilikuwa inapiga maji kama ya mbwa wa mwaka mmoja. Kichwa juu, masikio yamesimama, anakwenda, anageuka, anarudi.

“Papa, tazama! Haumwi!” binti alipiga kelele, kwa Kiswahili, yeye ambaye hutusikia kila neno lakini hujibu kwa Kiingereza.

Mke wangu alikuwa amekuja ukingoni kuona kelele ni za nini. Mbwa alitoka majini, akaenda moja kwa moja alipo, akajikung'uta. Alimlowesha kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu. Mke wangu alipiga ukelele, nami nikaruka kukimbilia kati yao. Sikuwahi kufika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikabidi akae chini, na mbwa naye akajilaza hatua tatu kutoka kwake, akihema. Hakuna aliyesogea.

Nikaona sasa au basi tena.

“Kuna jambo sijakwambia,” nilisema.

“La karatasi?”

Niligeuka kumtazama.

“Nani anafua sare zako?” alisema. “Ilikuwa mfukoni. Nimeisoma siku ileile. Wiki mbili nasubiri useme.”

“Sasa kwa nini ulikubali kuja naye?”

Alikamua maji kwenye kitambaa chake, taratibu. “Nilitaka nimwone kwanza. Yule aliyening'ata hakuwa huyu.” Halafu akaweka masharti, akihesabu kwa vidole. “Chumbani halali. Kumwogesha ni kazi yako. Na kwa mwenye nyumba nitazungumza mimi, maana wewe hujui kuomba.”

Niliketi kwenye majani yenye unyevu. Nikaanza kucheka peke yangu, na machozi yakanitoka, mpaka binti akaja kuniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Asubuhi iliyofuata mbwa alisimama tena barazani saa kumi na moja na nusu. Nilitoa kichwa mlangoni. “Leo off, mzee wangu,” nilimwambia. Alinitazama, nikamtazama. Akazunguka mara mbili pale alipo, akalala.

Tuliporudi Troyeville, mke wangu alishuka na sahani ya maandazi aliyoyakaanga kisiwani, akaenda kwa mwenye nyumba, bibi mmoja anayeishi ghorofa ya chini peke yake. Alikaa huko alasiri nzima. Mimi na mbwa tulibaki nje ya geti, kwenye pikapu, mabegi hayajashushwa. Mwishowe geti likafunguliwa. Alale chini ya ngazi za nyuma, bibi alisema, na asibweke ovyo. Baada ya wiki moja ni bibi mwenyewe aliyemtandikia blanketi.

Huu ni mwaka wa pili. Mbwa anatembea pole pole, lakini anatembea. Mke wangu bado hugeuza njia akiona mbwa wengine. Jumamosi hupita kwenye bucha kununua mifupa, na mwenye bucha akimwuliza ni ya nini, humwambia ni ya supu.