Barua ya Mshahara Wangu

Nilifanya kazi miaka sita kwenye duka la vitenge Kariakoo, mali ya mama mmoja wa Kichaga. Mshahara ulikuwa jina tu. Sisi wauzaji tuliishi kwa cha juu: bosi anakupa bei yake, ukiuza zaidi, kinachozidi ni chako. Cha juu ndicho kilichonilipia chumba na ada ya mwanangu.

Siku moja nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya mauzo, ofisi moja jirani na Mnazi Mmoja. Walinisifu mpaka nikaona aibu. Kisha meneja, kijana mwenye tai iliyomkaba, akauliza nilikuwa nalipwa shilingi ngapi.

Nilishasoma kwenye simu kwamba ziko nchi ambako sheria inamkataza mwajiri kuuliza hilo. Nikamwambia.

"Dada, hiyo sheria huku bado haijafika," akasema, wenzake wakacheka.

"Basi na mimi niulize. Aliyekuwa kwenye nafasi hii mlikuwa mnamlipa ngapi?"

Akashtuka utadhani nimemuuliza rangi ya nguo yake ya ndani. "Hiyo ni siri ya kampuni."

Yangu haikuwa siri ya mtu; nikawatajia laki mbili na nusu, cha juu mbali. Wakataka barua ya mwajiri.

Bosi wangu alifurahi kweli kusikia naenda ofisini. Akaniandikia mwaminifu, mchapakazi, mcheshi kwa wateja. Nilipofika kwenye mshahara nikakuta laki moja.

"Mama, si laki mbili na nusu?"

"Mwanangu, karatasi ikishatoka dukani hujui itasomwa na nani. Watu wa kodi wana macho!"

"Na cha juu?"

"Cha juu kinaandikwa? We mtoto vipi!"

Ofisini waliiamini ile barua kuliko mdomo wangu. Wakachukua laki moja, wakaongeza nusu yake, wakanipa mkono kwa ukarimu wao. Nilitoka nikiwa na hasira ya kuweza kuuma mtu. Nikarudi mbio dukani kuomba nafasi yangu, nikamkuta mpwa wa bosi ameshakaa kwenye stuli, anakunjua vitenge.

Nikasaini mkataba. Majirani wakanipongeza kwa kitambulisho cha shingoni.

Muhula ulipofunguliwa mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alinikuta nimevaa sare ya kampuni, naelekea kazini.

"Mama," akaniuliza, "kwani ofisini hawalipi?"