Mzee Aliyeandikiwa "Hakusikiliza"

Saa kumi na moja alfajiri, mswaki chakavu unakwaruza ndani ya beseni jikoni kwa Leanne Gaffney, mjini Wollongong. Anasugua kofia ya kitambaa yenye vidude sitini na vinne vya kunasa umeme wa ubongo, kimoja kimoja, kwa shampuu ya watoto, ili isiwawashe wazee kichwani.

Leanne, 46, ni fundi wa maabara inayopima jinsi ubongo unavyosikiliza penye kelele. Huwavalisha watu kofia hiyo, huwawekea sauti masikioni, kisha hutazama mdundo wa ubongo ukijichora kwenye skrini.

"Mtu akijikaza kusikiliza, kuna mdundo huvimba," anasema. "Akikata tamaa, unalegea. Uso unaweza kukudanganya, lakini mdundo haudanganyi."

Leo haendi kazini. Anakwenda kuomba radhi, na chai yake imepoa bila kuguswa.

Miezi miwili iliyopita alimpima Mzee Blagoja Ristevski, 74, aliyefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye matanuru ya chuma. Mzee alitakiwa kusikiliza hadithi ya mwanamke katika sikio la kushoto, na kumpuuza mwanamume aliyesema katika la kulia. Alikaa dakika hamsini. Kati ya maswali arobaini kuhusu hadithi hiyo, hakupata hata moja.

"Nikamwambia, 'Mzee, leo hukuwa makini.' Akaniomba msamaha, yeye! Na alikuwa ameniletea chupa ya pilipili za kuchoma. Nikaandika kwenye fomu: Hakusikiliza."

Wiki iliyopita, akipitia rekodi, alishtuka. Mdundo wa mzee ulikuwa umevimba mwanzo hadi mwisho, kuliko wa mtu yeyote mwaka huu. Akafungua rekodi ya sauti. Upande wa kushoto ulikuwa kimya kitupu: waya haukuingia hadi mwisho. Kuukagua ni kazi yake, na siku hiyo hakuukagua.

"Alikuwa anatafuta sauti ambayo sikumpa," anasema, akijifunika uso kwa taulo.

Mkuu wake amemruhusu aende mwenyewe. Mlangoni anapokewa na Slavica, mke wa mzee, ambaye anamkalisha na kumkatia pai ya mboga kabla hajasema neno.

Leanne anaeleza yote polepole, akimwelekea mzee ili aione midomo yake.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?" mzee anauliza.

"Kizima, mzee. Kosa ni langu."

"Nilimpa mke wangu funguo za gari. Karata klabuni nimeacha. Nilijua akili ndiyo inaondoka."

"Kwa nini hukuniambia husikii kitu kushoto?"

"Ulikuwa umeinama muda wote, mgongo unakuuma. Sikutaka kukusumbua, binti."



"Mimi nilisema hana ugonjwa!" Slavica anadakia. "Mtu huyu akiitwa kuosha vyombo, hasikii. Akiitwa kula, anasikia toka barabarani!"

"Nipe funguo zangu, mwanamke wewe."

"Maliza pai kwanza."

Siku hizi Leanne huvaa visikizi vya masikioni yeye mwenyewe kabla ya kumvalisha mtu yeyote, akasikiliza kushoto na kulia. Anatamani kumpima mzee upya na kuifuta ile fomu, ila hana uso wa kumwomba.

Mzee anamsindikiza hadi getini, funguo mkononi.

"Alhamisi mke wangu anaoka tena," anasema. "Njoo, binti. Na hiyo kofia yako, ilete."