Blanketi la Bi Zuhura na mashine yangu ya bia

Leo blanketi limeishinda kompyuta.

Napika bia nyumbani hapa kisiwani Amu, shayiri iko digrii sitini na saba, mashine yangu ya kompyuta inakoroga yenyewe. Stima ikapotea.

Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, akabisha. Alisikia harufu ya shayiri, akadhani mimi, mwalimu mpangaji wake, naumwa, najipikia uji.

Akaifunika mashine kwa blanketi lake, uji usipoe.

Stima ikarudi baada ya saa nzima. Kioo cha mashine kinasema sitini na sita: imepoa digrii moja tu.

Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia ni bia.

Akafunua blanketi, akachungulia.

"Ushatia hamira?"

"Bado, Bi. Haijawa kileo."

"Basi ni uji. Nipa kikombe."

Akanywa, akasifu.

"Lakini hamira haingii nyumba hii."

Nina lita ishirini za uji. Nani mgonjwa?