Alitukinga na Nani

Habari ya kifo cha kaka yangu ilifika Minjila kabla yangu. Aliuawa katika misitu iliyo nyuma ya Singapuri, akiwa askari katika jeshi la Waingereza, na akazikwa hukohuko. Mimi nilikuwa chuo kikuu, Kampala. Nilipofika nyumbani ilikuwa siku ya arobaini, na mpunga ulikuwa umeanza kuiva.

Wanaume tulikaa mikekani nje ya nyumba, tukinywa kahawa. Wanawake walikuwa ndani na mama, nyuma ya ukuta wa makuti. Aliyesema sana ni mjomba, ambaye naye alipigana Burma zamani, akarudi na mguu usiokunjika.

"Kijana amekufa kiume," alisema. "Gaidi ukimfuata kwake, hapati nafasi ya kukufuata kwako. Ni kama kiboko. Ukimngoja shambani umeshachelewa. Mfuate bwawani."

Rafiki wa baba, mfugaji Mworma aliyekuja na kibuyu cha maziwa ya msiba, alicheka.

"Kiboko yupi ulimfuata wewe? Si tulikukuta juu ya mti, mkuki umeuacha chini?"

"Nilipanda nimwone vizuri!"

"Ulimwona. Naye alikuona. Kisha akarudi kula mpunga."

Watu walicheka, hata baba akafuta macho. Mambo yangeishia hapo. Lakini yale ya kumfuata gaidi kwake yalinichoma, kwa sababu kaka aliniambia hivyohivyo siku ya kuondoka: nakwenda kule ili wale wasifike hapa. Nilimbishia wakati ule pia, akanipiga kikofi cha mapenzi kisogoni, akapanda lori.

"Mjomba," nikasema, "wale watu wa kule, nani kati yao aliijua njia ya huku kwetu Garsen?"

"Hawakuijua kwa kuwa walizuiwa."

"Au kwa kuwa hawakuitaka. Walikuwa wanagombea nchi yao. Haya, tangu kaka aondoke tumekuwa salama zaidi? Hali ya hatari imetangazwa bara, na wanaotafutwa ni watu wa hapahapa nchini. Leo pale kivukoni askari wamenipekua mpaka viatu. Mimi, ndugu wa mtu waliyempeleka kufa!"

"Lakini Minjila hakuna gaidi aliyefika," mjomba alisema.

"Hata kabla hajaondoka hakuna aliyefika!"

Nilikuwa nimeinuka kwa magoti, kidole hewani, kama tulivyozoea kubishana chuoni. Yule Mworma alinitikisia kichwa ninyamaze. Ndipo nilipotambua kwamba kule ndani vilio vimekoma.

"Endelea, mwanangu," mama alisema kutoka nyuma ya makuti. Sauti yake haikuwa na hasira. "Nakusikiliza. Kwa hiyo alikufa bure?"

Mjomba akaninong'oneza, "Sema hapana."

Hoja nilikuwa nazo tele, na hakuna hata moja iliyofaa kupita ukuta ule. Baba akasema kahawa imepoa, iletwe nyingine.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, nilikwenda shambani nikapanda dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, ambapo kaka alikuwa akilinda kila msimu. Kombeo lake bado lilining'inia kwenye nguzo, ngozi imekauka hata haikunjiki. Nilikaa tu. Sikurusha hata donge moja la udongo. Ukungu ulipoinuka, mpunga ulikuwa umesimama wote.

Mama alikuja na bakuli la uji, akasimama chini ya dungu. Alikuwa amekonda, khanga ilimzunguka mara nyingi kuliko zamani.

"Wamekuja?"

"Hawajaja, mama. Si viboko, si ndege."

Akalitazama shamba, akanitazama mimi.

"Basi umetukinga."

Sikujua kama ni mimi niliyewazuia, au kama siku ile hawakuwa na haja ya kuja. Nilitaka kumwuliza yeye amejuaje. Mama alikuwa bado ananitazama, anangoja.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Kama kaka yako."

"Kama kaka."

Akaninyoshea bakuli, nikainama kulipokea.